Nukta Ng'ambo ya Korongo

Endaharqo, Kata ya Hirbadaw
12 Januari 2025

Mdogo wangu Emanuel,

Marahaba. Najua ungenianza na shikamoo kama ungekuwa hapa, kwa hiyo naijibu kabla hujaitoa. Sisi tuko hai, na kwa mwaka tuliotoka nao hiyo ni habari ya kutosha. Shemeji yako Baltazar amepona mguu, anachechemea kidogo tu mawingu yakijikusanya. Mahindi tuliyopanda upya yameota. Ng'ombe wamebaki wachache, lakini mmoja ana mimba. Mkeo Kornelia je? Kabla ya maafa nilisikia na yeye ana mimba. Mwambie asibebe ndoo, na wewe usijifanye hujui bomba liko wapi. Mama hajambo? Na ile miguu yake, inavumilia baridi ya Mbulu?

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu ninayo, ila haina chaji, na dukani wanakochaji siruhusiwi kufika. Tuko kwenye metimani. Wewe ni Mwiraqw kama mimi, lakini watu wa ofisini husahau, basi nikukumbushe. Nyumba iliyofiwa na kijana haichangamani na watu mpaka wazee waitakase, mimba za watu na za mifugo zisije zikaharibika. Hatuingii kwa mtu na mtu haingii kwetu. Maji ya chemchemi ya wote hatuchoti, na ng'ombe wetu hawalishwi pamoja na wa wenzetu.

Watu walikuwa wameshaanza kuliacha jambo hili. Unazika, unasomewa misa, yamekwisha. Lakini lile tope la Novemba liliporomoka na kufuta nusu ya kitongoji, woga wa zamani ukarudi. Wengine walipoteza nyumba, mifugo, wazee wao. Kijana aliyekufa ni mmoja tu, naye ni Eva wangu. Kule shuleni tulikohifadhiwa walikuwepo wanawake wenye mimba. Hawakutufukuza, siwezi kuwasingizia. Walikuwa wanasogeza mikeka yao kidogo kidogo, hadi tukajikuta tuna kona nzima peke yetu. Tukaelewa, tukaondoka.

Mwenyekiti wa kitongoji akatuonyesha kwa kidole mahali pa kujenga. Ni chini kabisa, ukingoni mwa korongo, kwa sababu pana maji ambayo hakuna mwingine anayeyataka. Ni korongo lile lile, Emanuel. Tunapikia maji ya kitu kilichomuua mtoto wetu.

Sasa neno langu ni hili. Nasikia ofisini kwenu kuna ramani ya kompyuta inayoonyesha nani amekaa pabaya, na watu hao watapewa viwanja ng'ambo ya korongo, kule juu kwenye mwamba ambako hata tope la Novemba halikugusa. Tuweke na sisi humo. Masika hayako mbali, na mteremko wa juu yetu una nyufa ninazoweza kuingiza mkono.

Barua hii nitaibana kwenye mti wa uzio, Gidahosh aichukue akienda mnadani Basotu, huko aikabidhi kwa kondakta wa basi. Gidahosh ni jirani yetu mfugaji, Mdatoga. Anasema metimani yetu haimhusu, wao wana miiko yao na inawatosha.

Dada yako,
Marieta

*

Mbulu
2 Februari 2025

Dada Marieta,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa kondakta mpaka ikashika mafuta ya taa, lakini nimeisoma yote. Namshukuru Mungu shemeji anatembea. Kornelia hajambo, anachoka tu, daktari amesema atajifungua mwezi wa tano. Mama hajambo. Baridi ni ile ile.

Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyo, usije ukadhani nakuzungusha. Tuna picha zilizopigwa kutoka angani na setilaiti. Programu ya ramani inazisoma, inahesabu mapaa, inatazama mteremko na njia za maji, kisha inapaka rangi. Pekundu ni pa kuhama, pa njano ni pa kuangalia, pa kijani ni salama. Maafa yakitokea, programu hiyo hiyo inakadiria hasara: nyumba ngapi, mashamba kiasi gani, watu wangapi wanahitaji mahema na chakula. Mpango wote unatoka hapo. Gari halitoki hapa kwenda mahali ambapo ramani haijapaka rangi.

Nyumba yenu ya zamani imo. Imehesabiwa kuwa imebomoka. Hicho kibanda cha sasa hakimo, kwa sababu mlikijenga picha zikiwa zimeshapigwa, na nadhani pia mmeezeka nyasi chini ya miti. Nilipopata barua yako nilikiweka mimi mwenyewe, nukta moja kwa mkono wangu. Mkuu wangu wa kazi, Sylvester, akaifuta. Si mtu mbaya. Kuna kijiji kimoja watu walijiandikisha nyumba hewa ili wapate mabati, lawama zikamwangukia yeye. Tangu hapo, nyumba haiingii kwenye ramani mpaka mtu wetu asimame mlangoni na kishikwambi, kisome mahali pale, kipige picha ya mlango na wenye nyumba.

Nitakuja mwenyewe. Ni kazi ya kunywa kikombe cha chai. Gari la ofisi likipatikana tu, utaniona.

Mdogo wako,
Emanuel

*

Endaharqo
14 Februari 2025

Mdogo wangu,

Barua imefika ikiwa imekunjwa kwenye shuka ya Gidahosh, inanuka maziwa. Tumeisoma mara nyingi, kwa sababu hakuna kingine cha kusoma. Sisi wazima. Ng'ombe mwenye mimba amenenepa kuliko mimi. Mkatekista Michael alifika barabarani, akatuombea kwa sauti akiwa amesimama huko huko, nasi tukaitikia amina kutoka huku. Sala imefika, nadhani.

Umeandika kwamba mama hajambo. Hukuandika kwamba ananisalimu. Labda wino ulikuishia.

Nimecheka kidogo kuhusu hiyo kompyuta yenu. Inaona kutoka mbinguni, lakini moshi wa jiko langu haiuoni. Baltazar anasema tuwashe moto mkubwa zaidi. Unajua utani wake ulivyo, unakuja siku ambayo hana nguvu ya kulia. Tangu umeandika kwamba utakuja, amefagia uwanja kila asubuhi. Amekata hatua kwenye udongo ili usiteleze ukishuka kutoka barabarani, na amekuchongea kigoda chako mwenyewe, kwamba wewe ni mtu wa ofisi usije ukakaa kwenye gogo. Kigoda chenyewe kimepinda, utakisifu hivyo hivyo.

Nami nimefikiria jambo hili la metimani, kama ndilo unalolifikiria. Hutaingia ndani. Hutakula kitu. Utasimama mlangoni na chombo chako, mimi na Baltazar tutasimama pembeni hata bila kukupa mkono, halafu utarudi. Mkatekista anasema hakuna dhambi ndani yake. Njoo.

Kuna sauti imeanza juu kule kwenye nyufa, kama mtu anayesaga meno usingizini. Baltazar anasema ni mawe yanapoa. Namwacha aseme.

Marieta

*

Mbulu
28 Februari 2025

Dada Marieta,

Shikamoo, wewe na shemeji. Hapa hatujambo. Kornelia ameambiwa apumzike, miguu inavimba, kwa hiyo napika mimi, na ungeonja ugali wangu ungenionea huruma. Mama anasema mvumilie, kila jambo lina mwisho wake.

Gari la ofisi limeharibika giaboksi. Lile la pili limechukuliwa na wakubwa. Halafu taarifa ya makadirio ya maafa ya Novemba inatakiwa mkoani haraka, na mimi ndiye ninayejua kuiendesha programu, mwingine akigusa inagoma. Nimeangalia njia zote, dada. Nimeona haifai mkaningoja mimi wakati masika yanakuja.

Kwa hiyo namtuma Hilary. Ni kijana wetu wa kwenda vijijini, ana pikipiki ya mradi, na ni mwenyeji wa Dongobesh, mtamwelewa na yeye atawaelewa. Nimemweleza yote: afike mlangoni, akae mpaka kishikwambi kisome vizuri, apige picha, atume. Nukta ikiingia tu, programu yenyewe itaona iko pekundu, na jina la Baltazar litaingia kwenye watu wa kupewa viwanja. Hapo hata Sylvester hana la kusema.

Kigoda mnitunzie. Nitakuja kukikalia mvua zikiisha.

Emanuel

*

Endaharqo
10 Machi 2025

Mdogo wangu,

Hatujambo, na ng'ombe amezaa. Ni ndama jike, mweusi, ana alama nyeupe usoni. Baltazar amempa jina la Eva. Nilikasirika, halafu nikajikuta namwita hivyo.

Hilary wako amefika. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa ili usimgombeze.

Hakupita kwenye zile hatua za Baltazar. Alizunguka na pikipiki kwa njia ya malisho, akatokea ng'ambo, ile ng'ambo ya viwanja, akasimama juu ya mwamba. Katikati yetu korongo. Baltazar alikuwa ameshavaa koti lake la Jumapili, lile la harusi ya Monica wa mjomba, ndiyo nguo yake pekee iliyopona siku ya tope maana alikuwa ameliazimisha kwa jirani. Tukasimama mlangoni kama maharusi.

"Shikamoo mama, shikamoo baba," akaita.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Vuka, maji ni machache, hayafiki hata kwenye ndala."

"Ahsante mama. Hapa hapa panatosha."

"Emanuel ameandika kwamba unatakiwa ufike mlangoni."

Akaangalia kile kishikwambi chake, akaangalia chini. "Picha inatoka vizuri hata kutoka huku, mama. Naivuta karibu. Nawaona mpaka vifungo vya koti la baba."

Nilijua, Emanuel. Mtu akiwa na sababu ya namna ile inamkaa kwenye mabega. Nikamwuliza, "Umeoa?"

"Ndiyo mama. Mwaka jana."

"Ana mimba?"

"Ndiyo mama. Ndiyo ya kwanza."

Basi nikamwambia apige hapo hapo alipo na awasalimie nyumbani. Ningefanyaje? Nimelala na mtoto mmoja kichwani tangu Novemba, siwezi kubeba na wa mtu mwingine. Akapiga. Akatupungia mkono, tukampungia. Baltazar alibaki na koti mpaka jioni.

Najua uliandika mlangoni. Lakini picha ameipata, na mlango unaonekana, na sisi tumo. Naamini inatosha. Niambie inatosha.

Marieta

*

Mbulu
25 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Haitoshi. Naandika hivi moja kwa moja kwa sababu nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Kishikwambi hakijui kinapiga picha ya nini. Kinajua tu chenyewe kiko wapi. Kimesoma pale Hilary aliposimama. Kwa hiyo kwenye ramani nyumba yenu iko ng'ambo, juu ya mwamba, pa kijani. Picha ni nzuri, mlango unaonekana, mpo wawili, koti linaonekana. Mambo yote yametimia. Programu imeipokea na kuandika kwamba imethibitishwa.

Nilikwenda kwa Sylvester. Nikamwambia nukta si yenyewe, nawafahamu watu hawa, ni dada yangu. Akafungua, akatazama. Akasema, "Emanuel, hawa tayari wanaishi pale pale tunapogawa viwanja. Unataka niwahamishe kutoka wapi kwenda wapi?" Nikamwambia asogeze nukta. Akasema nukta iliyothibitishwa haisogezwi na mtu aliyekaa ofisini, tena ndugu. Inasogezwa na mtu aliyerudi pale pale na kusimama mlangoni, na awamu ya pili ya kurudi vijijini ni baada ya masika. Hilary amekataa kurudi. Amesema nimkate mshahara.

Dada, giaboksi ni kweli iliharibika. Lakini kuna basi. Basi la kwenda Haydom lipo kila siku, na kutoka pale kuna pikipiki. Ningeweza kuja Januari, na Februari, na wiki iliyopita. Mama hataki. Barua zako haziingii nyumbani, nazisomea ofisini na kuziacha kwenye droo. Siku niliyosema nitakuja, mama alikaa mlangoni na miguu yake ile, akaniambia: "Mjukuu mmoja nimeshazika. Ukienda kule, usirudi hapa mpaka Kornelia ajifungue." Nikajiambia kwamba namtii mama. Si kweli. Namjua Mungu, nimesoma, naendesha kompyuta, na usiku huwa naweka mkono kwenye tumbo la Kornelia na ninaogopa. Naogopa, dada. Nimeshindwa kuitoa hofu hii, na nimejaribu.

Msingoje ramani. Vukeni tu. Kesho.

Emanuel

*

Endaharqo
3 Aprili 2025

Emanuel,

Tumepata barua. Hali ni ya mvua.

Mengine nilikuwa nayajua tangu barua yako ya kwanza. Mtu anayekuja kweli haelezi habari za gari. Sikukulaumu wakati ule kwa sababu nilitaka uendelee kuandika.

Unasema tuvuke. Tulijaribu kabla hujatuambia. Baltazar alikwenda mpaka kando ya barabara, akamwita mwenyekiti. Mwenyekiti akamjibu kutoka kwake kwamba viwanja ni vya watu waliotoka kwenye ramani kwa jina, na Baltazar hajatoka. Tena waliopewa wameshaanza kujenga na wana wake wenye mimba, hawawezi kupokea jirani mwenye metimani. Wazee watutakase kwanza. Mzee mwenye kuifanya kazi hiyo tope lilimhamisha naye, yuko kwa mwanawe huko Mbulu vijijini, atakuja barabara zikikauka. Kila mtu kwetu atakuja barabara zikikauka.

Gidahosh alituambia tukae kwenye boma lake, upande wa ndama. Nilishaanza kukunja turubai. Baltazar akakataa. Akasema, "Huyu mtu amebeba barua zetu msimu mzima. Ng'ombe wake akitupa mimba, nitamtazamaje?" Nikamwambia Gidahosh haamini mambo hayo. Akasema, "Mimi ninaamini."

Na mimi? Naamini nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyonifanya nimwambie Hilary asivuke. Kwa hiyo mdogo wangu, usidhani wewe peke yako ndiye mwoga. Tumegawana, na kila mmoja amepata fungu lake.

Ila nitakuambia neno moja, kisha sitalirudia. Umeandika kwamba basi lipo kila siku. Leo pia lipo.

Marieta

*

Mbulu
22 Aprili 2025

Dada Marieta,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Alisema niandike hivi hivi alivyosema: mwambie mwanangu namsalimu sana, na miguu inaniuma, na namwota Eva. Jana alinikuta nikitafuta bahasha, hakuondoka.

Mvua ya wiki iliyopita imesikika mpaka redioni. Wamesema makorongo ya huko yamefurika. Nimepiga simu kwa mwenyekiti wenu, haipatikani. Nimepiga kwa mtendaji wa kata, akasema barabara imekatika, yeye mwenyewe anangoja taarifa kutoka kwetu.

Picha mpya zilishuka juzi. Zina mawingu, lakini tope linaonekana, mstari mrefu wa kahawia. Nimeendesha makadirio mimi mwenyewe. Taarifa imetoka na Sylvester ameshaitia saini. Endaharqo: mashamba yaliyoharibika yapo, nyumba zilizoathirika hakuna, wanaohitaji mahema hakuna. Kwa hiyo hakuna gari linalokuja kwenu. Yanakwenda upande mwingine.

Nukta yenu haijaguswa. Tope limepita mbali nayo. Najua, dada, najua nukta ile si mlango wenu, mimi ndiye niliyekuambia. Lakini tangu juzi naifungua na kuitazama. Ukiibonyeza picha inakuja, mpo mlangoni, shemeji ameweka mkono kwenye kifungo. Nimejikuta naifurahia. Huenda mlivuka. Huenda Baltazar alikubali kwa Gidahosh. Niandikie neno moja tu.

Jumatatu napanda basi. Nimemwambia mama.

Emanuel

*

Endaharqo
4 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za mama nimezipata. Mwambie nami namsalimu, na kwamba miguu aipake mafuta ya kondoo, si yale ya dukani.

Baltazar hayupo. Ilikuwa mchana, jua limetoka, tumeshaanza kusema mvua imetusamehe. Mimi nilikuwa nimepanda hadi kwenye uzio kuangalia kama Gidahosh ameleta barua yako. Hakukuwa na barua. Nikasikia yale meno yakiacha kusaga, kukawa kimya, nikageuka. Alikuwa anamtoa ndama. Angeweza kukimbia, mguu wake ulikuwa mzuri siku hiyo. Alimwita kwa jina, nikamsikia kutoka juu akimwita, na jina lile hakuna baba anayeweza kuliita na kukimbia.

Gidahosh na kaka zake walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walimpata siku ya pili. Ndama hatukumpata. Watu wa kitongoji walikuja mpaka barabarani, wakasimama kule, wakaimba nyimbo za maziko zote bila kuruka hata moja. Waliimba vizuri. Mkatekista Michael alishuka peke yake mpaka kaburini. Mkewe ameshapita umri wa kuzaa.

Kwa hiyo metimani inaanza upya, maana Baltazar naye hakufa mzee. Yule mzee ametuma neno kwamba vifo viwili ni jambo zito, hatatutakasa mwaka huu. Nimesimamisha matawi na turubai juu kidogo ya pale tulipokuwa. Ni upande ule ule. Gidahosh amerudia neno lake, nami nimemjibu kwa maneno ya Baltazar. Nilishangaa kuyasikia mdomoni mwangu. Ile nusu nyingine sijui imejaa lini.

Jumatatu uliyoitaja imepita. Sikukaa njiani kukungoja, kwa hiyo usihesabu hilo. Sasa nasema mimi, si mama: usije. Kornelia yuko kwenye mwezi wake wa kujifungua. Mtoto akizaliwa salama, usiniandikie jina lake. Nitalisikia siku nikiruhusiwa kusikia majina.

Umesema taarifa yenu inaonyesha Endaharqo hakuna nyumba iliyoguswa. Huenda utataka kuirekebisha sasa, kwa kuwa una uchungu. Unaweza kuja na kishikwambi, au kumtuma mtu, asimame pale palipokuwa na mlango, na Sylvester atakubali kuisogeza nukta. Nimeliwaza hilo nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, ambacho maji yalikitupa ukingoni kikiwa kizima, na kupinda kwake kule kule.

Usiisogeze. Iache ilipo. Umeniambia mwenyewe kwamba ukiibonyeza, tunakuja wote wawili, tumesimama mlangoni, amevaa koti, na tope limepita mbali. Ng'ambo kule ni pazuri, mwamba ni mgumu. Tuliomba sana kupata mahali pale. Nyumba nyingine hatuna.

Dada yako,
Marieta